Somo: Padri Akiwa Mbali, Mwenye Dhambi Afanyeje?



Wakristu wapenzi, ninyi mnaokaa kandokando ya Ziwa Tanganyika, tangu Uvira hata Makobola na Mboko, hata Baraka na rasi ya Ubwari, nanyi wa milimani upande wa Fizi: leo twataka kujibu swali mnalotuuliza mara nyingi. Mwasema: «Sisi padri twamwona mara chache kwa mwaka. Mtu akianguka katika dhambi kubwa, na kifo kikamfikia kabla ya padri, je, amepotea?»

Swali hili si la mchezo. Wavuvi wetu hutoka usiku na taa zao kutafuta ndagala. Upepo ukivuma kwa ghafula, mtumbwi hupinduka, wala hakuna padri katikati ya ziwa. Basi sikilizeni vema.

Tulipokuwa tungali wapya katika kazi ya ukatekista, tuliitwa usiku kwa mvuvi mmoja mgonjwa sana. Alikuwa mbatizwa, lakini hakuungama kwa muda wa miaka miwili. Akatuambia: «Mwalimu, wavu ule ulioangikwa pale si wangu. Niitie padri.» Padri alikuwa mbali, na mvua ilikuwa imeikata njia. Tukamjibu: «Mzee, ngoja, padri atakuja.» Kisha tukaketi kimya kando ya kitanda chake. Alfajiri akafa. Padri alifika baada ya maziko, akatuuliza: «Mwalimu, ulimsaidia kutubu?» Hatukuwa na jibu. Ndugu yule twamwachia Mungu, ambaye aliiona hamu yake ya kuungama. Lakini kosa lilikuwa letu, nasi twalitaja hapa ili lisitendwe tena katika kijiji chenu.

1. Sakramenti ya Kitubio

Jioni ya siku ile ya Ufufuko, Bwana wetu aliwatokea Mitume wake waliojifungia ndani kwa hofu. Akawavuvia Roho Mtakatifu, akawapa uwezo wa kuwaondolea watu dhambi. Uwezo huo maaskofu na mapadri wanao hata leo. Katekista hana, wala mtawa asiye padri hana.

Katika Sakramenti hii mwenye kutubu huleta mambo matatu: majuto, maungamo na malipizi. Padri naye hutoa ondoleo kwa jina la Mungu. Katika yale matatu yetu, majuto ndiyo ya kwanza. Mtu akiungama pasipo kujuta, maneno yake ni kama mtumbwi uliotoboka: waweza kuupaka rangi nzuri, lakini hautamvusha mtu.

2. Majuto ni ya namna mbili

Watoto wawili wameuvunja mtungi wa mama yao. Mmoja analia kwa kuogopa fimbo. Wa pili analia kwa sababu mama, anayempenda, amehuzunika. Wote wawili wanajuta, lakini si sawasawa.

Mtu akijuta kwa kuogopa jehanamu au kwa kuuona ubaya wa dhambi, hayo ni majuto yasiyo kamili. Ni mema, ni neema ya Mungu, nayo yatosha kwake akienda kwa padri kuungama. Lakini akijuta kwa kumpenda Mungu kuliko vitu vyote, kwa kuwa amemchukiza Baba aliye mwema kabisa, hayo ni majuto kamili. Kanisa latufundisha kwamba majuto kamili, yakiwa pamoja na kusudi thabiti la kuungama mara iwezekanapo, huondoa hata dhambi ya mauti kabla padri hajafika.

Basi lile ndilo jibu la swali lenu. Padri aweza kuwa mbali. Mungu hayuko mbali. Yule mwana mpotevu wa Injili alionwa na baba yake angali njiani, naye baba alimkimbilia.

3. Angalieni msikosee

Mtu asiseme: «Ikiwa ni hivyo, maungamo ya nini tena?» Anayekataa kuungama hana kusudi lile tulilolitaja, na majuto yake si kamili. Padri akija, aliyetenda dhambi kubwa aende kwake kwanza, ndipo apokee Komunyo. Amri ya Kanisa yatutaka tuungame dhambi kubwa walau mara moja kwa mwaka.

Tena, anayejuta kweli huirudisha mali ya watu. Mvuvi yule angeweza kumwambia mwanawe usiku uleule: «Kesho upeleke wavu huu kwa mwenyewe.» Hilo halihitaji kungoja padri.

4. Mashahidi wa Baraka na Fizi

Mtu akikidharau kiti cha maungamo, na akumbuke jambo lililotendeka pwani yetu hii. Jimbo la Uvira lilikuwa bado changa, maana liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1964 vita ya waasi wa Simba ilienea nchini. Tarehe 28 Novemba mwaka huo ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Dominika ya kwanza ya Majilio. Pale Baraka, Padri Luigi Carrara, mmisionari Mksaveri mwenye umri wa miaka 31, alikuwa kanisani akiwaungamisha Wakristu. Gari la waasi likafika. Bruda Vittorio Faccin akatoka nje, akapigwa risasi akafa. Padri Carrara aliposikia mlio wa bunduki alitoka kanisani, akamwona ndugu yake amelala chini. Aliamriwa apande gari, akakataa, akataka kufa pale alipokufa mwenzake. Akapiga magoti karibu naye, akauawa. Jioni ileile waasi walikwenda Fizi, wakamwua Padri Giovanni Didonè pamoja na Abbé Albert Joubert, padri mzaliwa wa pwani ya ziwa hili.

Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri, kwa idhini ya Baba Mtakatifu.

Fikirini, ndugu. Wako Wakristu ambao ondoleo la dhambi lilikuwa kazi ya mwisho ya padri wao hapa duniani. Naye Bruda Faccin hakuwa na uwezo wa kuondoa dhambi, kama sisi tusivyo nao. Lakini alitumikia hata kufa. Basi katekista asiseme hana la kufanya.

5. Penye mgonjwa wa kufa

Mtumeni mtu kwa padri upesi, msingoje mgonjwa apoteze fahamu. Padri akichelewa, msimwulize mgonjwa dhambi zake mbele ya watu. Mwonyesheni msalaba. Mwambieni polepole jinsi Yezu alivyompenda. Kisha msalieni, naye afuate kwa moyo ikiwa hawezi kusema: «Mungu wangu, wewe u mwema, nami nimekukosea. Najuta kwa kuwa nakupenda. Nikipona nitaungama na kuacha dhambi. Unipokee.»

Sala hii wafundisheni watoto. Wavuvi waisali kila jioni kabla ya kusukuma mtumbwi majini.

Maswali

Nani aweza kuondoa dhambi katika Kitubio? — Askofu na padri tu, kwa uwezo wa Kristu.

Majuto kamili ni nini? — Ni kujuta kwa sababu ya kumpenda Mungu kuliko vitu vyote.

Majuto kamili huondoa dhambi ya mauti kabla ya maungamo? — Ndiyo, kama mtu ana kusudi thabiti la kuungama mara iwezekanapo.

Aliyeiba afanyeje? — Ajute, aungame, airudishe mali ya mwenzake.

Wenye Heri Mashahidi wa Baraka na Fizi, mtuombee.