Tairi jipya la baiskeli: mbele au nyuma?

Kila mara majira ya baridi yanapomalizika katika eneo la Washington, D.C., barabara hubaki na makovu. Maji yaliyopenya katika nyufa za lami huganda usiku, hutanuka na kuipasua. Mchana barafu huyeyuka, magari hupita juu yake, na ufa hugeuka kuwa shimo. Mchanga na vipande vya chupa navyo hujikusanya pembezoni mwa barabara, mahali hasa anapopita mwenye baiskeli.

Ni katika wiki hizo ambapo wakazi wengi wa mji mkuu wa Marekani na wa vitongoji vyake vya Maryland na Virginia huzitoa baiskeli zao ndani, na kukuta jambo lile lile: tairi la nyuma limekwisha, ilhali la mbele linaonekana bado zima.

Wengi huamua kufanya kile wanachokiona kwa wenye magari. Hulihamisha tairi la nyuma mbele na la mbele nyuma, wakiamini kwamba matairi yote mawili yatadumu zaidi na fedha zitaokolewa. Hata hivyo, mafundi wenye uzoefu wanaonya kwamba uamuzi huo hauokoi hata senti moja, na unaweza kumwangusha mpanda baiskeli kichwa kwanza.

Suala hilo si dogo katika eneo hili. Njia za baiskeli zinaunganisha mji na vitongoji vyake. Njia ya Mount Vernon hufuata mto Potomac upande wa Virginia kwa takriban kilomita 29. Njia ya Capital Crescent huteremka kutoka Bethesda, Maryland, hadi Georgetown kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 11, mahali ilipopita reli ya zamani. Kando ya mfereji wa kale wa C&O kuna njia ya changarawe na udongo yenye urefu wa karibu kilomita 297, kutoka Georgetown hadi mji wa Cumberland.

Kwa baadhi ya watu, njia hizo ni za matembezi ya Jumapili. Kwa wengine, wakiwamo wanaomaliza zamu zao katika mikahawa na mahoteli usiku wa manane, wakati treni zimekwisha kusimama, baiskeli ndiyo chombo cha kuwarejesha nyumbani.

Kwa nini la nyuma huisha kwanza

Sababu ya kwanza ni uzito. Mtu anapokaa juu ya baiskeli ya kawaida, sehemu kubwa ya uzito wake huelemea gurudumu la nyuma. Mafundi hukadiria kuwa kiasi cha asilimia 60 huwa nyuma na asilimia 40 mbele, ingawa viwango hivyo hubadilika kulingana na mkao wa mpandaji na umbo la baiskeli.

Sababu ya pili ni nguvu ya miguu. Mnyororo hulizungusha gurudumu la nyuma peke yake. Kila pedali inapokanyagwa, tairi hilo huisukuma barabara na mpira wake husagika kidogo kidogo, hasa wakati wa kupanda kilima.

Sababu ya tatu ni breki. Mtu anayefunga breki ya nyuma kwa ghafla hadi gurudumu likaacha kuzunguka huliburuta tairi juu ya lami. Mburuto mmoja mrefu unaweza kuacha kidonda bapa kinachoondoa maisha ya wiki nyingi.

Kwa sababu hizo tatu, tairi la nyuma kwa kawaida huisha kwa kasi inayozidi mara mbili ile ya tairi la mbele. Wasikilizaji wa Afrika Mashariki wanaukumbuka ukweli huo bila kupimiwa. Biashara ya boda boda, iliyoanza kwa baiskeli miaka ya 1960 katika mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia, ilimweka abiria juu ya gurudumu la nyuma. Gunia la mkaa na kreti za soda nazo hufungwa huko huko. Mwenye baiskeli ya namna hiyo huweza kununua matairi kadhaa ya nyuma kabla ya kuligusa la mbele.

Hesabu isiyodanganya

Kwa nini basi kubadilishana matairi hakuleti nafuu? Jibu limo katika hesabu nyepesi.

Tuchukue mfano wa baiskeli ambayo tairi lake la nyuma huisha baada ya kilomita 3,000, na la mbele huisha mara tatu polepole zaidi, yaani baada ya kilomita 9,000. Mwenye baiskeli hiyo asipohamisha chochote, katika kilomita 9,000 atakuwa amemaliza matairi matatu ya nyuma na moja la mbele. Jumla ni matairi manne.

Sasa tumchukue jirani yake anayebadilishana. Akifika kilomita 2,250, tairi lake la nyuma limekwisha kwa robo tatu na la mbele kwa robo moja. Anayahamisha. Baada ya kilomita nyingine 2,250 yote mawili yanakwisha siku moja, na inambidi anunue mawili kwa mpigo. Katika kilomita 9,000 atakuwa amefanya hivyo mara mbili. Jumla ni matairi manne yale yale.

Mpira unaosagwa na barabara ni ule ule, hata tairi likipelekwa wapi. Tofauti ni moja tu: jirani huyo amesafiri nusu ya safari yake yote akiwa na tairi lililokwisha kwa robo tatu au zaidi katika gurudumu la mbele. Hakupata faida yoyote, bali amenunua hatari.

Gurudumu linaloshika uhai

Hatari hiyo inatokana na kazi ya gurudumu la mbele. Ndilo linaloelekeza baiskeli, na ndilo linalobeba kazi kubwa zaidi ya kusimamisha. Breki inapofungwa, uzito wa mpandaji hukimbilia mbele, gurudumu la nyuma huwa jepesi, na la mbele hukandamizwa barabarani.

Tairi la nyuma likipasuka au likiteleza, baiskeli huyumba mkia, lakini usukani bado unamtii mwenyewe. Mara nyingi huweza kuinyoosha na kusimama, akabaki na hasara ya kusukuma baiskeli hadi nyumbani. Tairi la mbele likipasuka katika mteremko, usukani hupoteza mshiko, rimu hugusa lami, na mpandaji huwa chini kabla hajajua kilichotokea. Kwenye madaraja ya mbao ya njia ya Mount Vernon, ambayo huteleza sana yanapolowa, kosa kama hilo halina nafasi ya kusahihishwa.

Sheldon Brown, fundi na mwandishi wa jimbo la Massachusetts aliyesomwa na wapanda baiskeli wa nchi nyingi hadi alipofariki mwaka 2008, alilishikilia shauri hilo kwa miaka mingi. Alipinga kulipeleka mbele tairi lililotumika nyuma, na akaeleza kuwa uhamisho wenye maana ni wa upande mmoja tu. Tairi la nyuma linapokwisha hutupwa, la mbele hurudishwa nyuma, na jipya huwekwa mbele.

Kwa utaratibu huo, tairi lililo bora kuliko yote huwa mbele daima. Kuna faida nyingine pia. Mpira huzeeka hata usiposagika; jua na hewa huukausha na kuutia nyufa. Tairi linaloachwa mbele hadi limalize kilomita zake zote huweza kuwa na umri wa miaka mingi. Likirudishwa nyuma mapema, hutumika likiwa bado laini.

Mfano wa gari haufai hapa. Gari lina magurudumu manne na halianguki likipoteza mshiko wa tairi moja. Isitoshe, watengenezaji wengi wa matairi ya magari hushauri kwamba anayenunua mawili tu ayaweke nyuma, kwa kuhofia gari kuzunguka katika maji. Kwa baiskeli, shauri ni kinyume chake.

Jinsi ya kulitambua tairi lililokwisha

Tairi jipya lina umbo la duara likitazamwa kwa ncha. Tairi la nyuma lililotumika sana huwa bapa katikati, kana kwamba limekatwa kwa kisu. Baadhi ya matairi yana vishimo vidogo vya alama. Vishimo hivyo vikifutika, muda wake umekwisha. Nyuzi za kitambaa cha ndani zikianza kuonekana, tairi hilo halistahili tena kupandwa, liwe mbele au nyuma.

Ni vema pia kutazama mbavu za tairi. Nyufa nyingi ni dalili ya uzee, na uvimbe ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimekatika. Tairi la mbele lenye kasoro hizo lisirudishwe nyuma. Litupwe pamoja na mwenzake.

Kwa upande mwingine, tairi laini si lazima liwe bovu. Kashata, yaani ile mikato ya juu ya tairi, husaidia katika matope na changarawe. Juu ya lami, kinachoshika barabara ni mpira wenyewe, na ndiyo maana matairi mengi ya baiskeli za mbio hutoka kiwandani yakiwa karibu hayana mikato. Kinachopaswa kupimwa ni unene.

Kabla ya kulifunga tairi katika gurudumu jipya, mafundi hupitisha kitambaa ndani yake kutafuta kioo, mwiba au waya uliobaki. Hutazama pia kama kuna mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka, na huhakikisha kuwa vipimo vya magurudumu yote mawili vinalingana, kwani baiskeli chache hutumia vipimo tofauti.

Upepo na mkono wa breki

Kupunguza usagikaji huanza na pampu. Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kwa kuwa gurudumu la nyuma hubeba zaidi, huhitaji upepo kidogo zaidi kuliko la mbele, bila kupita kiwango hicho. Upepo ukiwa mdogo, tairi hujikunja na kuchakaa mbavu, na linapogonga shimo tyubu hubanwa kwenye rimu, ikatoboka matundu mawili sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Baridi nayo hushusha upepo, hivyo baiskeli iliyojazwa wakati wa joto haina budi kupimwa tena baridi inapoingia.

Pili ni breki. Zitumike zote mbili, taratibu, nguvu ya mbele ikiongezwa kadiri mwendo unavyopungua, bila kuliburuta gurudumu la nyuma. Majani ya miti yanapoanguka na kulowa, tahadhari iongezwe.

Ushauri huu unavuka bahari. Shirika la Bikes for the World, lililoanzishwa mwaka 2005 katika eneo hili la Washington, hukusanya baiskeli zilizotumika na kuzisafirisha katika nchi zinazoendelea, zikiwamo za Afrika. Baiskeli yoyote ya mtumba iliyokaa miaka mingi ghalani huweza kuwa na matairi yanayong'aa kwa nje, kumbe mbavu zimekauka. Anayeipokea afanye vyema kuyakagua kabla ya kufunga mzigo.

Na kwa yule asiye na fedha za tairi jipya hata moja, kanuni haibadiliki. Kati ya mawili aliyonayo, lililo zima zaidi likae mbele. Kazi hiyo ni ya dakika chache, vijiko viwili vya kung'olea tairi na pampu, na ni nafuu kuliko bili ya hospitali, iwe mjini Washington au mjini Kisumu.