Mnazi Ukiegemea Waya wa Stima

Miti ya bara ya Mombasa huanguka zaidi kuanzia Aprili, masika yanapokutana na upepo wa kusi. Udongo umelainika, majani yamebeba maji, na upepo unasukuma kutoka baharini. Hata hivyo, mti utakaoanguka Mei mara nyingi umeshaonyesha dalili tangu Januari, na dalili hizo huonekana kwa kusimama uani na kuutazama.

Anza na shina pale linapoingia ardhini. Likoni na sehemu kubwa ya Kisauni, chini ya mchanga kuna mwamba wa matumbawe, kwa hiyo mwembe mkubwa waweza kutandaza mizizi kwa upana bila kuizamisha. Jirani akichimba msingi au shimo la choo na kuikata upande mmoja, mti unabaki umeshikwa na upande wa pili tu. Changamwe kuna mambo mengine: chini kuna mwamba laini wa tope la kale, ambao wanajiolojia wameuita kwa jina la Changamwe yenyewe, na miteremko yake ikilowa hulegea. Ukiona ufa wa nusu duara kwenye udongo, upande wa nyuma wa mti ulioinama, jua mizizi imeanza kung'oka. Mti huo usiusubirishe hata wiki moja. Uyoga mgumu ukiota kwenye kitako cha mwembe au mkwaju, ndani kumeoza hata kama juu kunazaa.

Mnazi una tabia zake. Mbao zake ngumu ziko nje, ndani ni laini, na jeraha lake halifunikwi na gome jipya. Kila kidato alichochonga mkwezi kwa panga kinabaki wazi maisha yake yote, kikiingiza maji. Kileleni, chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe, hutoboa hadi kwenye shaha; utamjua kwa makuti yaliyokatika pembe-pembe kana kwamba yamepitiwa na mkasi. Kupinda peke yake hakumaanishi hatari. Mnazi uliopinda tangu ujana kisha ukajiinua kufuata jua unaweza kusimama miaka mingi. Wa kuogopwa ni ule ulionyooka lakini umelala mzimamzima upande mmoja: huo umeanza kuinama hivi karibuni.

Sasa stima, na hapa ndipo watu wanapofia. Mwenye nyumba huzima swichi kubwa, humwita kijana mwenye panga na kumwambia apande, stima imezimwa. Haijazimwa. Swichi ile inakata umeme kuanzia ndani ya nyumba tu. Waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita bado una volti 240. Tokeni zikiisha ni vivyo hivyo: nyumbani giza, nje waya uko hai. Ngozi ya plastiki ya waya huo nayo huchakazwa na jua na kusuguliwa na matawi, hadi ubaki mtupu pale pale tawi linapougusa. Nyaya za juu zaidi, zinazoelekea kwenye transfoma, huwa na volti 11,000 au 33,000. Kuti bichi lililolowa, lenye vumbi la chumvi ya bahari, hupitisha umeme. Upembo wa chuma na ngazi ya alumini ni vibaya zaidi, na kila msimu wa maembe watoto hushika upembo chini ya nyaya hizo.

Kwa hiyo tawi lililogusa waya, au lililo karibu nao, halikatwi na mtu yeyote kabla kampuni ya umeme haijazima laini na kuthibitisha kwamba imekufa. Kuthibitisha ni muhimu, kwa sababu jenereta ya jirani au uunganishaji haramu uitwao sambaza unaweza kurudisha umeme kwenye waya uliodhaniwa mfu. Sheria ya Nishati ya 2019 inaipa kampuni mamlaka ya kupunguza miti inayozonga laini zake. Piga 97771, taja nambari iliyoandikwa kwenye nguzo, na udai nambari ya malalamiko yako ili uyafuatilie.

Kuna kikwazo kingine ambacho mafundi wa kwingine hawakutani nacho sana. Mombasa tuna nyumba bila ardhi: nyumba ni ya huyu, kiwanja ni cha yule, na minazi yaweza kuwa ya mtu wa tatu aliyeirithi kwa babu yake. Mpangaji anaogopa kukata asije akadaiwa fidia, mwenye minazi anaishi mbali, na mwenye kiwanja hataki kesi. Mti unaendelea kuinama huku watu watatu wakingojeana. Nawasihi wazee wa mtaa na chifu walichukue hili kama jambo la usalama: waite pande zote, mwenye minazi alipwe au apewe mbao na makuti yake, makubaliano yaandikwe, na mti ushuke.

Ukataji wenyewe, laini ikishazimwa, huanzia juu. Vichochoro vya Mtopanga au Mtongwe havina nafasi ya kulaza mnazi mzima. Fundi hufungua makole ya nazi kwanza, kisha makuti, kisha kilele, halafu shina kipande kwa kipande, kila kimoja kikiteremshwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye mti mwingine imara. Tawi zito la mwembe hukatwa kidogo kwa chini kwanza, ndipo likamalizwa kwa juu, la sivyo hupasuka na kuchana shina. Mti uliooza sana haupandwi. Hufanyiwa kazi kutoka kwenye kreni. Wasiofanya kazi wakae mbali, mara mbili ya urefu wa mti. Na asiyekuja na kamba, mkanda na kofia ngumu, hata akiwa wa bei rahisi, mrudishe.

Kupara mwarobaini au mwembe wote kichwa, ili usifike kwenye waya, sikubaliani nako. Machipukizi yake hushikilia juu juu tu, na baada ya miaka michache ndiyo yanayokatika. Mti ukiwezekana kupunguzwa matawi vizuri, uache. Usipowezekana, utoe, na upande mwingine mfupi mbali na laini.

Waya ukianguka, usiamini kimya chake. Kwenye mchanga mkavu fyuzi inaweza isikatike, na laini nyingine hujirudisha zenyewe. Kaa umbali wa mita 10 au zaidi, zuia watu, piga simu. Ukijikuta karibu nao, ondoka kwa hatua fupi za kuburuta miguu pamoja. Aliyenaswa usimshike kwa mkono hadi umeme uzimwe.

Kazi ya kukagua na kukata ni ya Januari hadi Machi, kabla mvua haijaanza.