Somo la bure nalo lina gharama yake

Elimu ni bahari, walinena wahenga, na walipoyanena hayo hawakujua kwamba ingefika siku ambapo bahari hiyo ingetiwa katika kifaa kinachoenea kiganjani. Siku hiyo imefika. Kijana aliyeketi kivulini hapa Voi akisubiri mteja aweza leo kumsikiliza profesa wa Marekani akifundisha uchumi, somo baada ya somo, pasipo kulipa karo wala kuomba viza. Hili ni jambo la kushangiliwa. Hata hivyo, ni jambo la kupimwa pia, na kipimo kifaacho ni elimu ile ile ya uchumi.

Nimesukumwa kuyaandika haya na swali la binti mmoja niliyemfundisha hapa mjini. Alimaliza kidato cha nne kwa alama za kuridhisha, lakini nyumbani hapakuwa na uwezo wa kumpeleka chuoni, akaajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi. Tulipokutana sokoni, alinionyesha katika simu yake utangulizi wa somo la uchumi la chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. "Mwalimu," akaniambia, "nimelianza mara mbili, na mara zote mbili nimeachia njiani katika juma la tatu. Somo ni la bure na hakuna anayenizuia. Basi kasoro si yangu mwenyewe?" Sikumjibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu, nami nalielekeza kwa walimu wenzangu pia, maana swali lenyewe linatuhusu.

Tuanze na neno hilo "bure". Mwanafunzi wa uchumi hufunzwa mapema kwamba gharama ya kitu si fedha zinazotoka mfukoni pekee, bali pia kile ulichokiacha ili ukipate. Binti huyu hutoka dukani jua likizama. Saa moja anayoitoa kwa masomo ameinyima usingizi, au kazi za nyumbani, au kibarua cha kumwongezea kipato. Kifurushi cha intaneti hununuliwa kwa fedha zile zile zinazotakiwa kununua unga. Na kwa aishiye nyuma ya mlima, hata mawimbi ya simu hutafutwa kwa miguu. Kwa hiyo mhadhara wa profesa ni bure, lakini kusoma si bure hata kidogo. Asiyeifanya hesabu hii hujiona mvivu, kumbe ameshindwa na gharama ambazo hakuna aliyemwonyesha.

Wala hayuko peke yake. Mwaka 2019, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, watafiti wa MIT, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao kuhusu masomo ya mtandaoni ya vyuo vikuu vya Harvard na MIT. Katika mwaka wa masomo wa 2017-18, kati ya kila watu 100 waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa 3 hivi. Lakini miongoni mwa wale waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa 46 katika kila 100. Aidha, walibaini kwamba ongezeko la wanafunzi lilikuwa karibu lote katika nchi tajiri. Mlango uliofunguliwa kwa maskini uliingiwa zaidi na wale waliokuwa na milango mingine.

Ukweli huo haukupaswa kutushangaza sisi Wakenya, kwa kuwa ulikwisha kuonekana katika shule zetu wenyewe. Katika miaka ya 1990, Michael Kremer, mwanauchumi wa Marekani aliyewahi kuwa mwalimu nchini mwetu, alichunguza pamoja na wenzake shule za msingi za Busia zilizogawiwa vitabu vya kiada bila malipo. Kila mtu alitarajia alama zipande. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikuwa tofauti: vitabu viliwafaidi wanafunzi waliokuwa tayari wakiongoza darasani, na wale wengine walibaki walipokuwa. Sababu moja ilikuwa kwamba vitabu vile viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu. Mwaka 2019 Kremer alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Somo la Busia lingali mbele yetu: chombo cha kujifunzia, hata kikitolewa bure, humnyanyua kwanza yule aliyekwisha kusimama. Mhadhara ulio katika simu ni kitabu cha Busia kilichovaa nguo mpya.

Je, tuseme basi kwamba elimu ya mbali haifai? La hasha! Kusoma kwa mbali si jambo geni kwetu. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, kilianzisha huko Kikuyu kitengo cha masomo kwa njia ya posta. Masomo yaliandikwa na kutumwa kwa barua, na mengine yakatangazwa redioni. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa walimu wa shule za msingi waliotaka kupanda daraja. Yafaa tujiulize ni nini kilichowapa nguvu, ilhali hawakuwa na tarakilishi wala simu. Nadhani mambo mawili yalichangia. Kwanza, upande wa pili wa barua palikuwa na mtu aliyesoma majibu yao na kuyasahihisha. Pili, walijua kwamba mwajiri wao angeitambua elimu ile na kuilipa kwa mshahara ulio bora. Jirani zetu Watanzania walipounda Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka 1992, hawakuwaacha wanafunzi wakielea hewani. Waliweka vituo katika mikoa, kikiwemo cha Kilimanjaro huko Moshi, ambako mtu wa Taveta aweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Hapo tunalifikia suala la cheti, ambalo vijana huniuliza kuliko jambo jingine lolote. Elimu hufanya kazi mbili sokoni: humpa mtu ujuzi, na, kama alivyoeleza mwanauchumi Michael Spence mwaka 1973, humpa mwajiri ishara kwamba huyu ni mtu wa uwezo. Ishara isiyosomeka haina thamani kwa aliyeibeba, hata kama ujuzi anao. Mwenye duka wa Voi akiletewa karatasi iliyopigwa chapa na chuo asichokijua, ataipima kwa macho na kuirudisha. Ni heri kijana alifahamu hili kabla ya kutoa hata senti moja. Akitaka ujuzi, masomo ya bure yapo tele. Akitaka shahada, sharti kwanza aulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iwapo chuo hicho kinatambuliwa. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake mwezi wa Agosti mwaka 2023, makao yake yakiwa Konza, kando ya barabara yetu hii hii ya Mombasa na Nairobi, na uchumi umo katika masomo yake. Kwa aliye na nguvu katika hisabati, MIT ilianzisha mwaka 2017 mpango wa masomo ya uchumi wa maendeleo ambao kuufuata mtandaoni ni bure, na ada ya mtihani hupangwa kwa kutazama kipato cha mwanafunzi. Wanaofaulu huweza kuomba kusomea shahada ya uzamili chuoni humo, hata wasio na shahada ya kwanza. Njia ipo, ingawa ni nyembamba.

Lakini kuna jambo jingine lililo zito kuliko cheti, nalo ni maana ya somo lenyewe. Mwaka 1970 George Akerlof aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika nchini Marekani. Muuzaji anaijua hitilafu ya gari lake, mnunuzi haijui, na kwa sababu hiyo soko zima huharibika, maana hakuna anayethubutu kulipa bei ya gari zuri. Mwaka 2001 yeye, Spence na Joseph Stiglitz walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwanafunzi wa Voi hulisikiliza somo hilo, akakariri habari za magari ambayo huenda hatayanunua kamwe, akajibu maswali na kusahau.

Sasa mwambie atazame Kasigau. Tangu miaka ya 1970 ardhi yetu hutoa tsavoraiti, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo yetu. Mchimbaji mdogo hutoka shimoni na jiwe mkononi, naye dalali humsubiri. Ni nani hapa ajuaye, na ni nani asiyejua? Mwenye mali ndiye asiyejua thamani yake, na mnunuzi ndiye ajuaye! Somo la Akerlof limegeuka kichwa chini miguu juu, na mwanafunzi akiligeuza mwenyewe amelielewa kuliko aliyelikariri mara kumi. Kisha atauliza, kwa nini serikali ilijenga kituo cha vito mjini Voi? Atang'amua kwamba kazi moja ya kituo cha namna hiyo ni kumjulisha muuzaji bei, na ataweza kukihukumu kwa kipimo hicho, si kwa uzuri wa jengo lake.

Kadhalika na ndovu. Mbuga za Tsavo huchukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu. Mtalii hulipa langoni, lakini shamba la mahindi linalovunjwa usiku ni la mkulima wa Sagalla au Mwatate. Vitabu vya uchumi huliita hilo gharama inayomwangukia mtu asiyekuwa katika biashara. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilipanga fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Je, fidia huondoa tatizo, au huja tu baada ya tatizo? Na mwaka 2019 ilipoamriwa kwamba makasha ya mizigo kutoka bandarini yasafirishwe kwa reli mpya, wenye mikahawa na gereji za barabarani, kuanzia Mariakani hadi kwetu, walijifunza uchumi wa usafirishaji pasipo kujiandikisha popote. Taita Taveta ni darasa zima la uchumi. Lililokosekana ni mtu wa kuyaunganisha haya na yale yaliyo katika simu, na mtu huyo ni mwalimu.

Maoni yangu ni haya. Akina mama wa soko la Voi walikwisha kutuonyesha dawa, nayo ni chama. Mtu ambaye peke yake hawezi kuweka akiba ya shilingi mia, akiingia chamani huiweka kila juma, kwa kuwa wenzake wanamngoja na ataona haya kufika mikono mitupu. Kwa nini tusiwe na vyama vya masomo? Watu wanane au kumi wachague somo moja la uchumi. Walipakue mara moja na kulitazama pamoja, na gharama ya intaneti itagawanyika kwa kumi. Wakutane kila Jumamosi mahali pamoja, iwe chumba cha tarakilishi cha shule au maktaba. Kila mmoja atoe mchango mdogo, na asiyehudhuria aupoteze. Walielezane somo kwa Kiswahili, ndipo waandike majibu kwa Kiingereza cha mtihani. Na kila juma pawe na zoezi moja la hapa hapa: bei ya vitunguu Wundanyi na bei yake Mombasa, au mshahara wa kibarua wa shamba la mkonge.

Nawasikia walimu wakiguna kwamba Jumamosi yao nayo ina gharama. Ni kweli, na ningekuwa mnafiki kama ningeihesabu gharama ya binti yule nikaisahau ya mwalimu. Ndiyo maana kazi hii isiwekwe juu ya bega la mtu mmoja. Walimu wa masomo ya biashara wapokezane zamu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, washirikishwe. Na serikali ya kaunti, ambayo hutoa misaada ya karo kila mwaka, itenge fungu dogo la kulipia intaneti na ada za mitihani ya wale waliothibitisha kwamba wanahudhuria. Shilingi itakayomfikisha mwanafunzi mmoja mwisho wa somo ina faida kuliko kumi zitakazowafikisha wenzake juma la tatu.

Wako watakaosema kwamba mwenye nia hahitaji kikundi, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nakubali kwamba kuinama ni kwa lazima. Lakini tumewaacha vijana wetu wakiinama gizani, kila mmoja chini ya kitanda chake, kisha tukawalaumu kwa kutokiona walichokitafuta.

Binti yangu, ulijiuliza kama kasoro ni yako. Uliingia peke yako usiku, ukiwa umechoka, katika somo lililoandaliwa kwa ajili ya watu wengine na kwa lugha ya watu wengine, nawe ukafika juma la tatu mara mbili. Hiyo ni dalili ya nguvu. Tafuta wenzako saba, nami Jumamosi nitafungua mlango wa darasa.