Injini Isiyo na Pistoni na Daftari la Mpwa Wangu

Dada yangu alinipigia simu baada ya Isha, akasema: "Kaka, mwanangu ameua gari, na gari limeua harusi."

Mwanawe anaishi Leicester, Uingereza, huu ni mwaka wa tisa. Posa ilikuwa imekwisha kupokewa Lamu, mahari yamekubaliwa, na nikaha ilipangwa iwe Mfunguo Sita. Kumbe fedha zilizowekwa kando kwa shughuli hiyo zilikuwa zimeingia zote katika gari moja la Kijapani, ambalo injini yake ilivunjika usiku wa baridi kali katika barabara kuu. Kijana aliona haya, akaficha habari kwa miezi saba huku akiifufua injini kidogo kidogo. Nami nilikuwa na safari ya Uingereza mwezi uliokuwa ukifuata. Dada akaniusia jambo moja tu: "Mwambie aliuze."

Nilikwenda na hotuba iliyokamilika. Sikuwahi kuitoa yote, nami naomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini.

Gari lenyewe ni Mazda RX-7 la aina ya tatu, lililotengenezwa Hiroshima kuanzia mwaka 1991 hadi 2002. Hutaliona likiteremshwa bandarini kwetu Mombasa, kwani sheria ya Kenya haipokei gari lililozidi umri wa miaka minane. Ni gari dogo, la chini, jepesi, na ukifungua boneti yake utastaajabu kwa namna injini ilivyo ndogo. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,308 tu, sawa na gari la kupeleka watoto skuli. Na haina hata pistoni moja.

Asili yake ni Ujerumani. Felix Wankel, aliyezaliwa mwaka 1902, alishughulika kwa muda mrefu na wazo la injini ambayo kiungo chake kinazunguka badala ya kupanda na kushuka. Injini yake ya kwanza ilinguruma mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Ndani ya nyumba iliyo na umbo kama namba nane iliyonenepa, huzunguka kipande cha chuma chenye pembe tatu, kiitwacho rota. Kila upande wa rota unapopita huvuta hewa na petroli, huibana, huiwasha, kisha huitoa nje ikiwa moshi. Hakuna valvu, kwa maana rota yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga matundu. Rota ikizunguka mara moja, shafti huzunguka mara tatu.

Mwaka 1961 kampuni ya Mazda, ambayo wakati huo ilikuwa ndogo na ikihofia kumezwa na wakubwa wa Japani, ilipata ruhusa ya NSU kuitengeneza injini hiyo. Wahandisi 47 wakawekwa chini ya bwana Kenichi Yamamoto. Jambo lililowatesa lilikuwa moja: ncha tatu za rota zina vipande vyembamba vya kuzuia moto usivuje, yaani sili, na sili hizo zikawa zinaparura ukuta wa ndani wa nyumba na kuacha mikwaruzo iliyopangana. Wenyewe wakaiita makucha ya shetani. Ilichukua miaka kupata madini yaliyofaa, na gari lao la kwanza la rota mbili, Cosmo Sport, likatoka mwaka 1967. Yamamoto baadaye akawa rais wa kampuni nzima. Mwaka 1991 gari la Mazda la rota nne likashinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, likiwa gari la kwanza la Kijapani kufanya hivyo. Hilo halikuwa na tabo, nami nalitaja kwa sababu mpwa wangu hulitaja kila baada ya robo saa.

Tabo ni feni mbili zilizofungwa katika mhimili mmoja. Moshi utokao katika injini huizungusha feni ya kwanza, na feni ya pili huishindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo huweza kuzidishwa, na nguvu huzidi. Mswisi Alfred Büchi aliliandikishia hati wazo hilo tangu mwaka 1905. Injini ya rota hupendana mno na tabo, kwa kuwa moshi wake hutoka wa moto sana na kwa vishindo vikali, bila valvu ya kuuchelewesha. RX-7 hii hutoka kiwandani na tabo mbili zinazopokezana. Ya kwanza hufanya kazi peke yake gari linapokwenda polepole, na ya pili hujiunga injini ifikapo mizunguko kama 4,500 kwa dakika. Magari ya mwanzo yalipewa nguvu za farasi 255, na ya mwisho 280. Kupokezana huko kunaendeshwa na mipira myembamba ya hewa iliyosongamana kama mizizi ya mkoko, na mmoja ukikauka na kupasuka kwa uzee, tabo ya pili husahau zamu yake.

Sasa tuje kwenye kosa. Mpwa wangu alitaka nguvu kidogo zaidi, akabadilisha bomba la moshi kuanzia kwenye tabo hadi nyuma, akaweka pana lisilo na kizuizi. Akadhani amemaliza. Hakutambua kwamba tabo hulindwa na kilango kidogo cha kupitishia pembeni moshi uliozidi, na kwamba kilango cha gari hili ni chembamba. Bomba la asili lilikuwa likikisaidia kwa kuukaba moshi. Kizuizi kilipoondoka, moshi ukawa mwingi kuliko uwezo wa kilango, feni ikazidi kuzunguka, na msukumo wa hewa ukapanda wenyewe. Kiwandani hupangwa usizidi sana ratili 10 kwa inchi ya mraba (msomaji akumbuke upepo wa tairi, kipimo ni hicho hicho). Usiku ule baridi iliifanya hewa kuwa nzito zaidi, ilhali kompyuta ya gari iliendelea kupima petroli kwa hesabu ya zamani. Hewa nyingi, petroli chache. Mchanganyiko ukalipuka kabla ya wakati wake, sili ya ncha ikavunjika, na vipande vyake vikatoka na moshi vikaipiga feni ya tabo.

"Mjomba, ilikuwa mlio mmoja tu," aliniambia. Injini ya pistoni hugonga na kulalamika kwanza, mwenye masikio akaiacha. Hii aghalabu haikupi muda wa kusikiliza.

Nilimkuta amekwisha kujenga upya: nyumba za rota nyingine, sili mpya, na badala ya tabo mbili ameweka moja kubwa ya BorgWarner yenye kilango chake kipana kando. Mipira yote ile imetoweka. Tabo moja kubwa huchelewa kuamka, hilo hakulificha, lakini ina mambo machache ya kuharibika. Ameondoa tangi la plastiki la kutenganishia hewa na maji ya rejeta, lile linalojulikana kwa kupasuka kwa joto na umri, akaweka la aluminiamu. Nozeli za pili, ambazo kiwandani hupitisha sentimita za ujazo 850 kwa dakika, amezibadilisha kwa zenye kupitisha karibu mara mbili. Pampu ya petroli mpya. Kompyuta ya asili imetolewa, mahali pake pakawekwa Power FC ya Apexi ya Japani, ambayo fundi anaweza kuiandika upya mstari kwa mstari. Kipoza hewa pia ni kikubwa zaidi, kwani hewa ikishindiliwa hupata moto. Hapo tukabishana kidogo, maana mimi niliona wazi kwamba kipoza hicho kimesimama mbele ya rejeta na kuizibia upepo. Akakiri, akanionyesha mabati aliyoyakata kuuongoza upepo usipotee.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni kumwona akimimina oili katika tangi la petroli. Sili za ncha zinataka kulainishwa ndani kwa ndani, na gari lina pampu yake ndogo ya kazi hiyo, ila yeye huongeza kwa mkono kwa tahadhari. Nikacheka. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa nahodha wa boti ya mashine kati ya Lamu na Faza, na mtoto huyu alikuwa akimchanganyia oili na petroli katika dumu kabla hajajua kusoma.

Halafu kulikuwa na daftari. Kila siku aliyowasha gari ameandika joto la maji, joto la oili, hewa, mizunguko, na kando ya ukurasa kwa herufi ndogo, alichokisikia na alichokishuku. Sisi tuliosoma vyuoni tunaijua hashia. Niliifunga hotuba yangu nusu nilipoiona ile.

Nusu nyingine niliitoa. Nilimwambia kwamba fedha za mahari hazikuwa zake tena tangu siku posa ilipopokewa, na kwamba ujuzi wake haulisafishi hilo. Akainama. Akasema: "Najua, mjomba. Lakini nikiliuza leo, nitauza chuma. Gari la rota ambalo halijatuniwa hakuna anayelinunua kwa bei ya maana. Likipimwa likasimama, litarudisha mahari na ziada. Likivunjika, sina kitu." Siku ya kupimwa ilikuwa Jumatano. Nikaenda naye.

Gereji ilikuwa nje ya mji, fundi mzungu wa makamo, mwenye maneno machache. Gari hufungwa kwa minyororo juu ya magurudumu ya chuma, likakimbia bila kwenda popote, na mashine ikasoma nguvu. Mimi nilipewa daftari na kalamu, niandike namba fundi anazozitamka, maana mikono ya mpwa wangu ilikuwa ikitetemeka.

Fundi hakuanza na nguvu. Alianza na msukumo mdogo kabisa ambao kilango cha tabo kinaruhusu, kama ratili 10, akajaza jedwali la petroli safu kwa safu. Kwa injini tulivu, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzani, ndizo zinazoungua barabara. Rota iliyo chini ya msukumo haitaki hivyo. Alitafuta kama sehemu 11 kwa 1, petroli nyingi kuliko haja, kwa kuwa ile iliyozidi inapoza. Kipimo kilichochomekwa katika bomba la moshi kilimwonyesha kila mara. Kisha akaja kwenye moto wa plagi. Kila rota ina plagi mbili, moja hutangulia na nyingine hufuata, na pengo kati yao lina hesabu yake. Kila alipoongeza msukumo, alirudisha nyuma wakati wa kuwasha, akavaa visikilizio kusikiliza kama kuna mgongano ndani. Baada ya kila mbio alisimamisha, akaacha joto lishuke. Adhuhuri ikaingia, tukaswali kwa zamu nyuma ya gereji, juu ya koti lake.

Ratili 12. Niliandika. Ratili 14. Mlio wa rota ni tofauti na wa pistoni, ni kama kitambaa kirefu kinachochanwa bila kwisha, na katika kila mbio nilijikuta nimezuia pumzi hadi fundi aondoe mguu. Saa tisa alasiri akatamka namba ya mwisho: nguvu za farasi 368 zilizofika magurudumuni. Akauliza kama aongeze. Tabo ilikuwa na uwezo, petroli ilitosha bado.

Mpwa wangu aliliangalia gari kwa muda. Akasema inatosha.

Mnunuzi alikuja wiki ya pili, kijana wa Birmingham. Alipima mbano wa injini kwa kipimo maalumu cha rota, kinachosoma pande zote tatu za kila moja, akatosheka. Mpwa wangu akamweleza kwa saa nzima: oili ibadilishwe kila maili 3,000, injini isikanyagwe kabla haijapata joto, isizimwe ghafla baada ya mwendo mkali bali iachwe ingurume kidogo tabo ipoe. Bei ilirudisha mahari yote, na kiasi cha kumnunulia dada yangu tiketi ya ndege ya Lamu. Nikaha ikapangwa upya, Mfunguo Tisa.

Funguo alizitoa kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Daftari lilichelewa mkononi. Hatimaye akalitoa, na yule kijana akafungua ukurasa wa mwisho, akaukunjia uso, akauliza haya maandishi ni ya nini. Nilikuwa nimeziandika namba zote za siku ile kwa tarakimu za Kiarabu, kama mkono wangu ulivyozoezwa chuoni, bila kujitambua. Mpwa wangu akaketi juu ya bampa, akalichukua daftari, akaanza kuzinakili moja moja kwa Kizungu.