Fataki Zilizofika Mahakamani

Anayechora sherehe ya usiku ana tatizo moja gumu: rangi haiwaki. Fataki hutoa mwanga wake yenyewe, lakini njano iliyopakwa ubaoni hubaki njano tu. Dawa yake ni kutia giza kila kitu kingine, mpaka ile njano kidogo ionekane kama moto.

James Whistler, Mmarekani aliyeishi London, alifanya hivyo mwaka 1875 katika picha ya rangi za mafuta aliyoiita Nocturne in Black and Gold: The Falling Rocket. Fataki zilizomo ni za Cremorne Gardens, bustani ya starehe huko Chelsea, kando ya mto Thames, ambako wakazi wa jiji walikwenda kula, kucheza dansi na kutazama mbingu ikilipuka. Ubao wenyewe si mkubwa. Kimo chake ni kama sentimita 60.

Usihangaike kuutafuta umati. Chini kabisa wamesimama watu wachache, wamepakwa rangi nyepesi kiasi kwamba ardhi inaonekana kupitia miili yao. Waliobaki wamemezwa na giza. Na giza hilo si jeusi tupu, lina buluu na kijani kizito ndani yake. Whistler alizimua rangi kwa mafuta na tapentaini hadi zikawa majimaji (mwenyewe akiziita mchuzi), akazipaka tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana moshi wake unaelea kweli. Kisha zikaja cheche: nukta za njano na chungwa. Ukizisogelea ni madoadoa. Rudi nyuma hatua chache, utaziona zinaanguka.

Mwaka 1877 picha ilitundikwa katika jumba la sanaa la Grosvenor Gallery, London, kwa bei ya gini 200 (gini ni kipimo cha fedha cha Uingereza ya zamani). John Ruskin, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote Uingereza, akaandika kwa dharau kwamba huo ni ujeuri wa mtu anayedai fedha nyingi kwa rangi ya kumwagwa. Ajabu, Ruskin huyohuyo ndiye aliyekuwa amemtetea mchoraji Turner, bingwa wa mwanga na ukungu! Whistler akamshtaki kwa kumkashifu. Kesi iliposikilizwa Novemba 1878, wakili wa Ruskin alitaka kujua kama kazi ya siku mbili ndiyo inayodaiwa gini 200. Whistler akajibu kuwa anadai malipo ya ujuzi alioukusanya maisha yake yote.

Jibu zuri, na kwangu mimi ndilo sahihi: kujua cha kuacha ni kazi ngumu kuliko kujaza ubao. Mahakama ilimpa ushindi, lakini fidia yake ilikuwa robo ya peni, na gharama zake za kesi akabaki nazo. Mwaka uliofuata akafilisika.

Mwaka 1892 picha hiyohiyo iliuzwa kwa gini 800. Leo iko katika jumba la Detroit Institute of Arts, Marekani.