Mwigizaji, Mwongozaji na "Yule wa Mti": Majina ya Watenda Kazi katika Sinema Ndogo

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja ambalo, kwa maoni yetu, halijapewa uzito unaostahili katika uchunguzi wa sanaa za maonyesho kwa Kiswahili. Jambo hilo ni kundi la watu wanaoitengeneza sinema ndogo ya kujitegemea, na majina ambayo lugha yetu inawapa watu hao.

Chanzo cha makala ni jioni moja katika mtaa wa West Indies, mjini Eldoret. Tulikuwa tumekusanyika na wanafunzi wachache katika sebule ya nyumba moja kuitazama sinema ya Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kutolewa mwaka 2018. Hadithi ilipokwisha na majina yalipoanza kupanda juu ya kioo, vijana wawili waliinuka ili wazime mashine. Tuliwaomba waketi, tukawauliza: hawa wote ni nani, nasi tutawaitaje kwa Kiswahili? Majibu ya kwanza yalikuja upesi: mwigizaji, mwongozaji, mtayarishaji, mhariri. Kisha majibu yakapungua. Tulipomfikia yule anayeshika kinasa sauti kilichofungwa kwenye mti mrefu, juu ya vichwa vya waigizaji, mwanafunzi mmoja alisema, "Yule wa mti." Wote wakacheka.

Mmoja tu hakucheka. Alisema kwamba kaka yake hufanya kazi ya kubeba na kupanga taa katika picha za harusi na katika sinema ndogo ndogo, na kwamba akiulizwa nyumbani kazi yake ni nini, hujibu, "Nasaidia tu." Swali letu ni hili: je, mtu huyo hana kazi, au ana kazi isiyo na jina?

2. Sinema ndogo na watu wake

Kwa "sinema ndogo ya kujitegemea" tuna maana ya sinema isiyotengenezwa na kampuni kubwa yenye viwanja vyake vya kupigia picha. Fedha zake hutoka mahali mbalimbali, tena aghalabu kwa njia ya misaada. Siku zake za kupiga picha ni chache. Na watenda kazi wake ni wachache vilevile, hata mtu mmoja hulazimika kushika kazi mbili au tatu.

Supa Modo ni mfano mzuri. Ilitokana na mradi wa mafunzo wa One Fine Day Films, shirika lililoasisiwa na Tom Tykwer, mwongozaji wa Kijerumani, pamoja na Marie Steinmann, likishirikiana na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Katika mradi huo, wasanii wa Afrika hufunzwa kazi kwa kuifanya. Kabla ya Supa Modo, mradi huo ulikuwa umetoa Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga mwaka 2012, Something Necessary ya Judy Kibinge mwaka 2013, na Kati Kati ya Mbithi Masya mwaka 2016. Ile ya Kibinge yatugusa kwa namna ya pekee sisi tunaokaa Uasin Gishu, kwa kuwa inahusu majeraha ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Anne, aliyeigizwa na Susan Wanjiru, amempoteza mume na shamba lake limeharibiwa. Joseph, aliyeigizwa na Walter Lagat, ni kijana aliyeshiriki katika ghasia hizo naye anatafuta namna ya kutengeneza alichokiharibu.

Tukiyafuata majina ya watu kutoka sinema moja hadi nyingine, tunaona jinsi kazi zinavyopokezanwa. Mugambi Nthiga aliigiza katika Nairobi Half Life; akashiriki kuandika Kati Kati na Supa Modo; kisha akaongoza Lusala, iliyotoka mwaka 2019. Mtu huyo mmoja ni mwigizaji, mwandishi na mwongozaji. Anayemchunguza kama mwandishi peke yake atakuwa amemsoma theluthi moja.

3. Mhusika si mwigizaji

Katika madarasa yetu, na hata katika maandishi ya wasomi, maneno "mhusika" na "mwigizaji" huchanganywa. Hapana budi yatenganishwe. Mhusika ni kiumbe cha hadithi. Mwigizaji ni mtu mwenye mwili na sauti, anayelipwa au anayestahili kulipwa. Jo, msichana wa miaka tisa anayeugua ugonjwa usioponyeka, ni mhusika. Stycie Waweru, mtoto aliyemwigiza, ni mwigizaji. Vivyo hivyo, mama yake Jo ni mhusika aliyeigizwa na Marrianne Nungo, na dada yake, Mwix, ni mhusika aliyeigizwa na Nyawara Ndambia.

Katika riwaya tofauti hii haina taabu, kwa kuwa mhusika wa riwaya hana mwili mwingine zaidi ya maneno. Katika sinema, lugha ya mhusika hupitia kinywa cha mtu. Mwandishi aweza kuandika neno, lakini hawezi kuandika lafudhi yote, wala pumzi, wala kusita kwa mtu anayetafuta neno. Supa Modo husikika kwa Kiswahili, Kiingereza na Kikuyu. Jinsi mhusika anavyotoka lugha moja na kuingia nyingine ndani ya sentensi ni jambo ambalo mwigizaji hulibeba kutoka maishani mwake. Kwa hiyo mwanaisimu anayechukua sentensi kutoka katika sinema na kuandika chini yake jina la mwandishi peke yake amemnyang'anya mtu mwingine haki yake.

Uandishi wenyewe nao si wa mtu mmoja. Miongoni mwa walioshirikiana kuandika Supa Modo, pamoja na Nthiga, ni Silas Miami, Wanjeri Gakuru na Kamau Wandung'u. Baada yao maneno hupita mikononi mwa mwongozaji, waigizaji, fundi wa sauti, na hatimaye mhariri, ambaye katika sinema hii alikuwa Charity Kuria. Mhariri akikata nusu ya sentensi, sentensi iliyobaki ni kazi ya nani?

4. Umbo la majina

Sasa tuyatazame majina yenyewe. Majina ya kazi za sinema kwa Kiswahili yameundwa kwa njia tatu kuu.

Njia ya kwanza ni kuchukua shina la kitenzi na kulitia kiambishi awali cha mtu pamoja na kiambishi tamati cha mtendaji: ongoza hutoa mwongozaji, tayarisha hutoa mtayarishaji, igiza hutoa mwigizaji, tunga hutoa mtunzi. Majina haya husimama peke yake. Hatuna haja ya kuuliza mwongozaji wa nini ili neno liwe kamili.

Njia ya pili ni kuunganisha kitenzi na yambwa yake: mpiga picha, mshika taa, mchukua sauti, mbeba vyombo. Majina ya namna hii hayawezi kusimama bila kile kinachofuata. Hatusemi "mpiga" tukanyamaza. Mtu amefungwa na kitu anachokishika.

Njia ya tatu ni kutumia nomino na kiunganishi cha -a: mkuu wa taa, mwangalizi wa maleba, fundi wa sauti.

Ukiitazama orodha ya sinema kwa jicho hili, utaona mwelekeo fulani. Kazi zinazohesabiwa kuwa za akili zimepata majina ya njia ya kwanza, na kazi zinazohesabiwa kuwa za mikono zimepata ya njia ya pili. Hatusemi kwamba hii ni kanuni ya lugha nzima. Mfagiaji ni neno la njia ya kwanza, na mtunza hazina ni la njia ya pili, na kila mtu ajua ni yupi anayeamkiwa kwanza. Tunasema tu kwamba jina la njia ya pili hutaja chombo au kitu, likaiacha nje hukumu ya mtendaji.

Mfano ulio wazi ni "mpiga picha". Kitenzi piga katika matumizi haya kimekwisha kupoteza maana yake ya asili, kama katika piga pasi, piga simu na piga deki. Jina halituambii neno lolote juu ya kazi yenyewe. Enos Olik, aliyekuwa mkuu wa picha katika Supa Modo, ndiye mtu ambaye jicho letu linamfuata tangu mwanzo hadi mwisho: umbali kati yetu na uso wa mtoto, na kiasi cha mwanga kinachouangukia uso huo, ni mambo yanayopita katika hukumu yake. Kumwita mpiga picha, neno lile lile tunalompa mwenye kutupiga picha ya kitambulisho, si kosa la sarufi. Lakini ni upungufu wa istilahi.

5. Pendekezo: neno "fundi"

Lugha yetu ina neno la zamani linaloweza kutufaa, nalo ni fundi. Katika pwani ya Waswahili, fundi si kibarua. Fundi wa kuunda majahazi na fundi wa kuchonga milango ni watu wenye elimu iliyopokewa kwa miaka ya uanagenzi, na neno "kufundisha" lenyewe ni la ukoo mmoja na fundi. Tukisema fundi wa taa, fundi wa sauti, fundi wa picha, tumetaja mtu mwenye ujuzi unaoweza kurithishwa. Na "yule wa mti" aweza kuitwa fundi wa kinasa sauti, au, pale panapohitajika kumtofautisha na mkuu wake, mwanagenzi wa sauti.

Pingamizi moja linatazamiwa. Huku bara, fundi ni mtu yeyote anayeitwa kuziba bomba, tena aghalabu jina hilo hutajwa wakati wa kupunguziana bei. Ni kweli. Lakini neno halishushwi na watu wanaolitumia kwa haki. Hushushwa na wasiotaka kulipa ujuzi. Kuliacha kwa sababu hiyo ni kuwaachia hao lugha.

6. Hitimisho

Ni jambo la kufurahisha kwamba Supa Modo yenyewe, kama hadithi, inahusu jambo tunalolieleza. Jo anapenda sinema za mashujaa, naye hana siku nyingi za kuishi. Watu wa kijiji chake, wakiongozwa na dada yake, wanakubaliana kumtengenezea sinema ambamo yeye ndiye shujaa. Kijiji kizima kinageuka waigizaji na mafundi.  Bila mikono yao mtoto yule asingeruka. Sinema yao inatazamwa Jo akiwa amekwisha kufariki. Kinachobaki ni picha, pamoja na watu walioitengeneza, wamekaa gizani wakiitazama.

Tunapendekeza kwa wenzetu wa idara za Kiswahili mambo mawili. Kwanza, tunapoifundisha sinema, tusizime mashine kabla ya jina la mwisho kupita. Orodha ile ni sehemu ya matini. Pili, tukae na mafundi wenyewe, tuwasikilize wanavyoitana kazini, kisha ndipo tuandike istilahi. Istilahi inayotungwa ofisini bila wenye kazi hubaki ofisini.

Yule mwanafunzi wetu wa West Indies alituambia baadaye kwamba alikwenda nyumbani akamwambia kaka yake, "Wewe ni fundi wa taa." Kaka alifikiri kidogo, kisha akauliza kama jina hilo laweza kuandikwa mwishoni mwa picha.