Kijia Hujengwa kwa Ruhusa ya Jirani

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, hebu fikiri kwamba umeketi barazani pako siku ya Jumapili pamoja na watoto, mkilitazama shamba mlilorithi kwa wazee wenu. Mara anapita mtu juu ya baiskeli, katika kijia kinachokata katikati ya shamba hilo. Anasimama, anakusabahi, kisha anaendelea na safari yake. Nawe unafurahi. Baada ya miaka michache wanaopita ni wengi kupita kiasi. Baadhi yao hawasalimu, wengine wanawashtua wanyama wako kwa mwendo wa kasi. Haki ya kukifunga kijia ni yako. Je, utakifunga?

Swali hili liliwakabili kwa kweli wenye mashamba wa Burke, mji mdogo wenye wakazi wasiofika 2,000 katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki ya Marekani, karibu na mpaka wa Kanada. Habari za mji huo zinafaa kuzingatiwa na kila mtu anayependa kuona majirani wakishirikiana katika kazi ya maendeleo.

BAISKELI ZA MILIMANI

Baiskeli za milimani ni zile zenye mipira minene na breki kali, zilizotengenezwa kwa ajili ya kupanda na kushuka vilima pasipo barabara. Mchezo huu ulishika kasi katika miaka ya 1970 huko Marin, jimbo la California, ambako vijana walichukua baiskeli nzito za zamani wakateremka nazo milimani. Haukupita muda mrefu ugomvi ukazuka. Waendao kwa miguu na wapanda farasi walilalamika kwamba wanatishwa njiani, na baadhi ya vijia vikapigwa marufuku kwa baiskeli. Ndiyo sababu mwaka 1988 vyama vya wapanda baiskeli vya California viliungana kuanzisha chama cha kimataifa, ili kuwafunza wenzao adabu ya njia na utunzaji wa ardhi.

Watu wa Burke walikuwa na shida ya namna nyingine. Nchi yao ni ya mashamba, misitu na baridi kali. Wakati wa theluji wageni huja kuteleza juu ya mlima wao, lakini theluji ikiyeyuka wageni nao huondoka. Mwaka 1994 wakazi wa hapo waliunda chama kisichotafuta faida, wakakiita Kingdom Trails, nia yao ikiwa kuunganisha vijia vya mashambani na msituni viwe mtandao mmoja.

Msomaji, hapa ndipo penye jambo kubwa. Chama hicho hakikununua msitu, wala hakikuiomba Serikali iwanyang'anye watu ardhi yao. Kiliomba ruhusa kwa wenye ardhi. Leo vijia hivyo vina urefu unaozidi kilomita 160, na vinapita katika ardhi ya watu wapatao 100, kila mmoja akiwa ameridhia kwa hiari yake. Sheria ya jimbo inawasaidia, kwa kuwa humkinga mwenye shamba anayewaruhusu watu kupita bila kuwatoza chochote, asije akashtakiwa mtu akianguka na kuumia. Mgeni hulipa ada kwa chama, na fedha hizo husaidia kutunza vijia. Aidha, nyumba za wageni, mahoteli ya chakula na mafundi baiskeli hupata riziki katika miezi ambayo zamani ilikuwa ya ukiwa.

ADUI NI MAJI

Wengi hudhani kwamba kuchonga kijia ni kufyeka majani tu. Sivyo. Adui wa kwanza wa kijia ni maji, na msomaji wa Lushoto au Uluguru hahitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Kijia kinachoshuka wima mlimani hugeuka mfereji mvua inaponyesha, na udongo wote huishia bondeni.

Kwa hiyo wajenzi hukata kijia kwa kuuzunguka ubavu wa mlima. Kanuni yao ni kwamba mwinuko wa kijia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wenyewe, na kwa wastani usizidi 10 kwa 100. Ukingo wa nje huinamishwa kidogo ili maji yavuke na kuondoka. Hali kadhalika, kila baada ya hatua kadhaa kijia huinuliwa kidogo, maji yakifika hapo yatoke nje yasipate nguvu. Penye majimaji hujengwa vidaraja vya mbao. Theluji inapoyeyuka na ardhi kulowa, vijia hufungwa mpaka vikauke, kwa maana mfuo wa gurudumu moja katika tope huweza kuwa mwanzo wa korongo.

RUHUSA ILIPOONDOLEWA

Hata hivyo, si udongo peke yake unaomomonyoka. Ujirani nao humomonyoka. Sifa za Burke zilienea, na mwaka 2019 ziara zilizohesabiwa zilizidi 100,000. Hapana mji wa watu wasiofika 2,000 unaoweza kubeba mzigo kama huo bila kuhisi uzito wake. Yalisikika malalamiko juu ya msongamano, na juu ya utovu wa adabu wa baadhi ya wageni. Mwezi Desemba mwaka huo, wenye ardhi watatu waliondoa ruhusa ya baiskeli kupita kwao. Ardhi yao ilikuwa katika kilima cha Darling, kwenye kiini cha mtandao, na kwa hiyo vijia vilivyopendwa sana vikakatika.

Chama hakikuwa na hati ya kuwashitakia, wala haki ya kuwalazimisha. Kilichobaki kilikuwa kuheshimu uamuzi wao na kujisahihisha. Kilitafuta njia za kuzunguka ardhi iliyofungwa, kikaanza kupima ni wageni wangapi wanaoweza kupokewa bila kuwaudhi wenyeji, na kikawahimiza wapanda baiskeli waendeshe kwa moyo wa shukrani, wakikumbuka kwamba wanapita katika mashamba ya watu.

Tunajifunza nini? Kwanza, kazi ya ushirikiano haimaliziki siku ya kuweka sururu chini. Ruhusa aliyoitoa jirani mwaka 1994 inahitaji kutunzwa kila mwaka, kama kijia chenyewe kinavyotunzwa. Pili, wageni wengi si ushindi ikiwa wenyeji hawapati raha majumbani mwao. Tatu, kosa la mgeni mmoja mwenye haraka huweza kuwafungia njia maelfu wasio na hatia.

Kwa hiyo, mzazi unayemfundisha mwanao kupanda baiskeli, iwe ni katika mitaa ya mjini au katika vijia vya kijijini, mfunze kwanza kupunguza mwendo anapoona mtu, kusimama na kuamkia. Mbio atazijua mwenyewe. Uungwana ni vitendo, na huo ndio unaoiacha njia wazi.